Kanisa lisilo na waitikiaji: kuirudia Just As I Am ya Bill Withers

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilipokuwa chuoni nilikuwa na kaseti ya albamu ya Bill Withers, mwimbaji wa Marekani, iitwayo Just As I Am, na niliipendea nyimbo zake za mapenzi. Baadaye niliokoka, nikajiunga na kwaya, nikaachana na nyimbo za kidunia kwa miaka mingi. Hivi karibuni nimeirudia albamu yote kwenye simu, nimeshangaa. Sasa nasikia kanisa karibu kila mahali, ingawa hakuna kwaya, hakuna mahubiri, na Mungu hatajwi sana. Je, kanisa hilo limo kweli, au najitafutia tu ruhusa ya kuisikiliza? Na kwa nini wimbo wa mwisho unanisumbua kiasi hiki?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Suala la ruhusa nakurudishia wewe na mchungaji wako, kwa kuwa mimi ni mwalimu wa muziki na sina mamlaka juu ya dhamiri ya mtu. Suala la masikio ndilo langu, na katika hilo jibu langu ni kwamba hujidanganyi: kanisa limo. Ila watu wengi hulitafuta katika maneno na katika mbwembwe za sauti, wasilione, kwa sababu Withers amelificha katika umbo la nyimbo zenyewe, hasa katika nafasi alizoziacha wazi. Ulipokuwa chuoni ulikuwa msikilizaji tu. Tangu hapo umekaa miaka mingi kwenye safu ya waitikiaji, na mtu aliyezoea kuitikia huisikia nafasi yake hata pale ambapo hakuna aliyeijaza. Albamu haikubadilika, wewe ndiye uliyepata mafunzo.

Kabla ya kuingia katika nyimbo, tuondoe utata mmoja. Kwetu maduka ya kanda na vituo vya redio huupanga muziki wa Injili kwa maneno yake: ukimtaja Yesu umo, usipomtaja humo. Kwa kipimo hicho albamu hii haipiti hata dirishani. Nchini Marekani, hata hivyo, tangu Thomas Dorsey aupe muziki huo mkondo wake wa kisasa mjini Chicago katika miaka ya 1930, Injili imekuwa pia namna ya kuimba na kupiga vyombo, na mpaka wake umevukwa kutoka pande zote mbili. Dorsey mwenyewe alikuwa mpiga piano wa bluzi kabla ya kutunga "Take My Hand, Precious Lord" mwaka 1932. Mwaka 1954 Ray Charles alivuka kuelekea upande wa pili: aliuchukua wimbo wa kundi la Injili, akaubadili maneno, ukawa "I Got a Woman", na wapo waumini waliomwona kuwa amelitia kanisa najisi.

Njia ya Ray Charles ndiyo iliyozoeleka. Mwimbaji huuchukua moto wote wa ibada, yaani sauti ya kupaza, silabi moja inayovutwa juu ya noti nyingi, vilio vya furaha na kwaya inayosukuma kutoka nyuma, kisha huuelekeza kwa mpenzi badala ya Mungu. Aretha Franklin, binti wa mchungaji, aliijua njia hiyo kuliko karibu wote, na Januari 1972 alirudi kanisani moja kwa moja, katika New Temple Missionary Baptist Church mjini Los Angeles, akarekodi albamu ya Amazing Grace pamoja na mwimbaji wa Injili James Cleveland na kwaya ya Southern California Community Choir. Ukipata nafasi, isikilize albamu hiyo siku moja na hii ya Withers, kwa maana zote mbili zilirekodiwa Los Angeles na hazikupishana sana kwa wakati. Katika ile ya Aretha hakuna upenyo: akivuta pumzi tu, kwaya imeingia, kwaya ikinyamaza, kinanda kimejibu, kinanda kikitulia, kuna mama katika viti vya nyuma anayepaza sauti. Katika hii ya Withers mtu mmoja amekaa na gitaa kavu, hapazi sauti, ni nadra avute silabi, na akimaliza mstari mara nyingi hajibiwi na mwanadamu yeyote.

Anza na "Grandma's Hands", wimbo wa dakika mbili hivi. Unafunguka kwa mguno wa mdomo uliofungwa, gitaa na mguu unaopiga ubao. Sikiliza jinsi beti zilivyojengwa. Maneno yanayotaja mikono ya bibi yanarudiwa bila kubadilika, na kila yanaporudi yanafuatwa na jambo jipya ambalo mikono hiyo ilifanya: ilipiga makofi kanisani Jumapili asubuhi, ilipiga tari kwa ustadi, ilitoa onyo. Wewe ni mwanakwaya, kwa hiyo unajua kwamba katika pambio maneno yasiyobadilika ni ya kusanyiko, na yanayobadilika ni ya mwanzilishi. Mwanzilishi huleta habari mpya, kusanyiko humshikia kamba. Hapa Withers anaimba sehemu zote mbili peke yake. Anaanzisha na kujiitikia, kama mtu aliyezoea pambio la kanisa lililojaa na sasa analiimba jikoni akiosha vyombo. Mtayarishaji mwingine angeshawishika kumwekea waitikiaji watatu wanawake, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na wimbo ungependeza, lakini bibi angekuwa yupo. Kwa kuwaondoa waitikiaji, wimbo unatuambia kwamba bibi hayupo hata kabla ya maneno kulisema hilo mwishoni.

Angalia pia dini ya bibi huyu ni ya namna gani. Mikono yake inamzuia mtoto asikimbie ovyo, maana anaweza kuangukia kipande cha chupa au kukutana na nyoka majanini. Inamwinua uso msichana aliyezaa bila ndoa, na bibi anamwambia kwamba anaelewa, alimpenda kweli yule mwanamume, basi ajiweke mikononi mwa Yesu. Inamkinga mjukuu asichapwe. Wakati mwingine inauma na kuvimba. Hiyo ndiyo teolojia yote ya wimbo, na jina la Yesu linatokea mara moja tu, katika kinywa cha bibi anapomfariji mtu ambaye kanisa jingine lingemsimamisha mbele na kumtenga. Mwisho mjukuu anasema kwamba akifika mbinguni ataitafuta mikono hiyo, na hata kufika kwenyewe amekuwekea sharti. Sijui wimbo mwingine wa ukubwa huu unaosema mengi hivyo kuhusu mtu kulelewa na kanisa bila ya yeye mwenyewe kukaa ndani yake.

Ukitaka ukinzani wake, rudi nyuma nyimbo mbili hadi "Harlem", unaofungua albamu. Huo unautembeza mtaa katika majira na siku zake: joto la kiangazi, baridi ya chumba ambacho mwenye nyumba hajali kama mpangaji ataganda, kelele za Jumamosi usiku, kisha Jumapili asubuhi, ambapo wapenda starehe ndio kwanza wanarudi nyumbani na watu wema ndio kwanza wameamka. Katika Jumapili hiyo wanapita wajumbe walaghai wakichangisha fedha za kumpeleka mhubiri Nchi Takatifu, na mwimbaji anamwonya mpenzi wake asimpe mtu huyo hela zake. Sisi tunaozijua harambee za kanisani hatuhitaji ufafanuzi zaidi. Kwa hiyo, ndani ya nyimbo tatu za kwanza tumeona kanisa mara mbili, mara moja kwa nje likiwa limeshika kapu la sadaka, na mara moja kwa ndani likiwa na mikono iliyovimba. Withers anaiamini ile ya pili. Nadhani hilo ndilo lililokufanya usikie kanisa bila kusikia mahubiri.

Kati ya nyimbo hizo mbili upo "Ain't No Sunshine", ule uliokuvutia chuoni. Ni wimbo wa mapenzi, usijilazimishe kuugeuza kuwa kitu kingine. Withers alieleza kwamba wazo lilimjia baada ya kuitazama filamu ya Days of Wine and Roses ya mwaka 1962, inayohusu mume na mke wanaomezwa na pombe, na jambo hilo liweke akilini kwa sababu litatusaidia tutakapofika mwisho wa albamu. Sauti inaanza bila utangulizi wa vyombo, kana kwamba tumeingia katikati ya mazungumzo. Kisha, katikati ya wimbo, anaanza kurudia maneno mawili ya kusema kwamba anajua, akayarudia mara 26, huku vyombo vimejitoa karibu vyote na kumwachia mdundo mwembamba. Alikuwa amekusudia kutunga maneno ya kuijaza sehemu ile, lakini wanamuziki wazoefu aliokuwa nao studioni wakamwambia aiache ilivyo, naye kwa kuwa alikuwa mgeni wa kazi akakubali.

Usikilize sasa kwa masikio ya ibada. Kila mhubiri mzuri hufika mahali ambapo hoja imekwisha na limebaki neno moja, akalishika na kulirudia hadi liache kuwa habari na kuwa pumzi. Mahali hapo ndipo kusanyiko huinuka, mmoja anasema amina, mwingine anasema ni kweli, mwingine analia. Withers anafika pale pale, kwa njia ile ile, na hakuna anayesema amina. Anarudia kwa sababu hakujibiwa. Wale wanamuziki walikuwa na masikio: Booker T. Jones, aliyeitayarisha albamu, alikulia Memphis na kupiga kinanda kanisani tangu ujana wake kabla ya kujulikana dunia nzima kwa "Green Onions" mwaka 1962, na kwa baadhi ya nyimbo alikuja na wenzake wa kundi la Booker T. & the M.G.'s, Donald "Duck" Dunn kwenye besi na Al Jackson Jr. kwenye ngoma. Watu hao wangeweza kuigeuza studio kuwa kanisa kwa dakika moja. Sifa yao kubwa hapa ni walichokataa kukipiga, ingawa Jones aliongeza vayolini katika wimbo huu, na mimi, baada ya kuusikiliza kwa miaka mingi, bado naona wimbo ungesimama bila hizo.

Maisha ya mwimbaji nitayagusa pale tu yanaposikika. Alizaliwa tarehe 4 Julai 1938 katika Slab Fork, kijiji cha wachimbaji wa makaa ya mawe huko West Virginia, mtoto wa mwisho kati ya sita. Alikuwa na kigugumizi, na baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Alitumikia Jeshi la Wanamaji la Marekani kwa miaka tisa, akahamia Los Angeles mwaka 1967, akafanya kazi viwandani. Albamu ilipotoka Mei 1971 alikuwa na umri wa miaka 32 na bado ameajiriwa kiwandani, akitengeneza vyoo vya ndege. Hakuacha kazi haraka, kwa kuwa hakuuamini muziki kuwa ni ajira. Kwenye jalada amesimama kiwandani akiwa ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana. (Santuri ndogo ya "Ain't No Sunshine" ilipotimiza mauzo ya dhahabu, kampuni yake ya kurekodi ilimzawadia kiti cha choo cha rangi ya dhahabu. Mambo mengine huwezi kuyatunga.) Fedha za kampuni hiyo, Sussex, zilikuwa chache kiasi kwamba rekodi ilikamilika kwa vipindi vitatu tu vya studio, na kati ya cha pili na cha tatu ilisimama kwa takriban miezi sita.

Jina la albamu na picha hiyo ya jalada vinasemezana. Kila aliyekulia kanisani anaujua wimbo wa Charlotte Elliott wa miaka ya 1830 unaobeba maneno hayo hayo, ambao kwa Kiswahili nao umo katika vitabu vyetu vya nyimbo. Ni wimbo wa mwito wa madhabahuni, ulioimbwa mno katika mikutano ya Billy Graham, ambapo mtu anaalikwa aje mbele alivyo bila kungoja kujitakasa kwanza. Mtu huyu amekuja na nguo za kazi na kisanduku cha chakula. Anachokileta mbele ni ushuhuda, na hilo ndilo umbo la pili la kanisa ambalo masikio yako yamelitambua, nadhani, bila kulipa jina.

Ushuhuda una kanuni zake. Hunena mtu mmoja kwa nafsi ya kwanza, kwa lugha ya kawaida, akitaja mambo madogo yanayoweza kuthibitishwa, kisha hufika mahali pa kugeukia: nilikuwa hivi, lakini Bwana akanitendea hivi. Nyimbo bora za albamu hii zinafuata kanuni zote isipokuwa hiyo ya mwisho. Katika "I'm Her Daddy" mwanamume anazungumza na Lucy, mwanamke waliyeachana, kuhusu binti wa miaka sita ambaye hakujua kuwa anaye. Anauliza kama mtoto huwa anamuulizia, na wimbo wote ni maswali ambayo Lucy hajibu hata moja. Katika "Hope She'll Be Happier" aliyeachwa anamtakia mwenzake furaha kwa mwanamume mwingine. Vyombo ni vichache mno, na sauti inashika noti ndefu hadi msikilizaji anaanza kujisikia kama ameingia chumbani mwa mtu bila kubisha hodi. Ni hapa peke yake ambapo namsikia Withers akiimba kwa upana wa sauti ya kanisani, na ameutumia kwa kusalimu amri.

Sasa tufike kwenye wimbo unaokusumbua. "Better Off Dead" ni ushuhuda wa mlevi ambaye mkewe ameondoka na watoto. Anakiri kwamba alishindwa kuacha pombe, anakubali kwamba mke ni afadhali akiwa mbali naye, na anajihukumia kifo. Albamu inaishia kwa mlio wa bastola. Wewe umefundishwa na mamia ya shuhuda za Jumapili kungoja lile "lakini". Masikio yako yanalingoja hadi sekunde ya mwisho, na badala yake unakuja mlio. Msikilizaji asiyelijua umbo la ushuhuda husikia hadithi ya huzuni, akaendelea na shughuli zake. Wewe unasikia ibada iliyokatwa katikati. Hivyo usumbufu wako ni usikivu sahihi, na sidhani kwamba Withers alitaka tuuzoee. Kumbuka ile filamu ya wanandoa walevi iliyozaa wimbo wa pili: pombe imo mwanzoni mwa albamu ikiwa imefunikwa na utamu, na mwishoni imevuliwa nguo. Ikiwa wimbo huo unagusa jambo zito la nyumbani mwako au la mtu unayemjua, uzime bila kuona haya, na utafute mtu wa kuzungumza naye.

Nyimbo nyingine sitakaa nazo sana. "Everybody's Talkin'" ya Fred Neil imeimbwa vizuri, lakini albamu isingepungukiwa bila hiyo. "Moanin' and Groanin'" inaazima msamiati wa waombaji wa zamani na kuutumia kwa mambo ya chumbani, mzaha ambao haudumu kama ulivyokusudiwa. "Let It Be" ya Beatles ina faida zaidi kwa swali lako: Withers anaukimbiza kuliko walivyouimba wenyewe, na kwa hilo wimbo uliokuwa na mwendo wa tenzi unaanza kutembea kama pambio. Hapo kanisa linasikika waziwazi, na ajabu ni kwamba ndipo linaponigusa kidogo zaidi. Katika "Do It Good" tulia kwenye sehemu anapoacha kuimba na kuzungumza. Anasimulia kwamba alipoingia studioni kufanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, Booker T. Jones alimwambia asihofu, afanye lile analolifanya na alifanye vizuri. Mtu anashuhudia ndani ya wimbo kuhusu siku ile ile anayourekodi. Katika ibada tungesema amesimama na kueleza alivyofika.

Huenda utauliza kama hoja hii ya nafasi zilizoachwa wazi si dhana yangu tu. Withers mwenyewe alituachia kipimo. Tarehe 6 Oktoba 1972 alirekodi onyesho katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York, lililotoka mwaka uliofuata kama albamu. Kabla ya "Grandma's Hands" anazungumza kwa muda mrefu kuhusu kanisa alilopelekwa na bibi yake, kanisa la makofi ambalo watu wake waliimba bila kungoja kitabu. Akianza mistari ya kwanza, ukumbi unampokea. Katika "Use Me" watu wanashangilia hadi anaurudia wimbo. Na "Harlem", ule wa dakika chache wa kufungulia albamu, unawekwa mwishoni, unaunganishwa na "Cold Baloney", unapita dakika kumi, na wasikilizaji wanapiga makofi na kuitikia hadi mwisho. Hakubadili utunzi ili kulifanya hilo liwezekane. Nafasi zilikuwamo tangu mwanzo, na watu walipokuwepo wakaingia kila mmoja mahali pake kama waliofanya mazoezi.

Kipimo cha kinyume chake kipo upande wetu wa dunia. Septemba 1974, Kinshasa, kulifanyika tamasha la siku tatu lililoandamana na pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lenyewe liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini. Palikuwa na James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na bendi yake, yaani watu ambao kazi yao ni kuuinua uwanja mzima. Katika filamu ya Soul Power, iliyotengenezwa miaka mingi baadaye kutokana na picha za tamasha hilo, Withers anaonekana na gitaa lake akiimba "Hope She'll Be Happier". Mbele ya umati wa aina hiyo angeweza kuchagua wimbo wa kuitikiwa, alikuwa nao, kwa kuwa kufikia hapo "Lean on Me" ulikwisha kushika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1972. Akachagua ule ambao hauna mahali pa mtu mwingine kuingia. Itazame sehemu hiyo kama unaweza. Inaonyesha kwamba upweke wa albamu haukuwa upungufu wa bajeti peke yake.

Kwa usikilizaji wako wa sasa nina ushauri wa aina ya mazoezi ya kwaya. Chukua "Grandma's Hands" na upige makofi taratibu kwenye pigo la pili na la nne. Kama una mwenzako, mmoja aimbe maneno yanayorudi na mwingine aimbe yanayobadilika, na mtaona jinsi wimbo unavyogawanyika wenyewe bila kulazimishwa. Kisha usikilizeni tena kimya, bila makofi. Kwa "Ain't No Sunshine" fanya jambo moja tu: ufikapo kwenye marudio yale, usiimbe naye. Wanakwaya wana tabia ya kujaza kila kimya, na kimya cha pale kimewekwa kwa makusudi.

Kuhusu mpangilio, usilazimike kuishia pale albamu inapoishia. Mimi humshauri mtu aisikilize hadi "Moanin' and Groanin'", apumzike, ausikilize wimbo wa mwisho peke yake siku nyingine, na baada yake aweke "Lean on Me" kutoka albamu iliyofuata, Still Bill. Katika wimbo huo, inapofika sehemu ya kumwambia ndugu aite akihitaji msaada, vyombo vinapungua na makofi yanaingia, safari hii yakiwa yamerekodiwa kweli. Halafu chukua rekodi ya Carnegie Hall. Ukiweza kuipata nzima, usiridhike na nyimbo zilizokatwa mojamoja, kwa sababu katika nyingi ya hizo mazungumzo yake kabla ya nyimbo huwa yameondolewa, na kwa mtu mwenye swali kama lako mazungumzo hayo yana thamani sawa na nyimbo.